Mali Ikiuzwa Hurudishwa

Tangazo lile hubandikwa karibu na droo ya pesa, mahali ambapo mteja hawezi kudai hakuliona, au hupigwa chapa chini ya risiti kwa herufi ndogo: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Kariakoo lipo, Mombasa lipo, na kwenye maduka ya spea ya karibu kila mji wa Afrika Mashariki lipo, mara nyingine limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya kipande cha boksi. Limekaa muda mrefu kiasi kwamba wenye maduka na wateja wao huliheshimu kama desturi ya wazee, kana kwamba limekuwapo tangu watu waanze kuuziana. Ukweli ni kwamba katika mwambao huu tangazo hilo ni geni. Kabla yake palikuwa na sheria ya kurudisha mali iliyofikiriwa kwa kina, na sheria hiyo ilitenganisha mambo mawili ambayo tangazo limeyatia kapu moja: kurudisha kitu kwa kuwa kina kasoro, ambayo ni haki ya mnunuzi, na kurudisha kitu kwa kuwa moyo umegeuka, ambayo ni hisani ya muuzaji. Mahali pazuri pa kuijaribu tofauti hiyo ni pale ambapo kitu kinachorudishwa kimekwisha kutumiwa, kwa sababu hapo ndipo mwenye haki na mjanja wanapofanana sura.

Kwa karne nyingi mgogoro wa biashara Lamu, Mombasa au Unguja uliamuliwa na kadhi. Watawala wa Kiomani walikuwa Maibadhi na walikuwa na makadhi wao, lakini Waislamu wengi wa pwani walifuata madhehebu ya Shafi, na kitabu kilichotegemewa sana kilikuwa Minhaji ya Imam Nawawi, mwanachuoni wa Shamu aliyefariki mwaka 1277. Kitabu hicho kilikuwa na uzito hata Waingereza walipoingia mahakimu wao walikihitaji, wakakisoma katika tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1914. Mlango wake wa biashara unampa mnunuzi khiyari, yaani nafasi ya kuendelea na mauziano au kuyavunja, kwa namna kadhaa. Ipo khiyari ya kikao: maadamu wawili hawajaachana pale walipouziana, yeyote kati yao anaweza kughairi. Ipo khiyari ya sharti, wanayopeana kwa makubaliano, isiyozidi siku tatu. Na ipo khiyari ya aibu, ambayo haihitaji kupatanwa wala kutajwa, kwa sababu inaingia yenyewe katika kila mauziano: kitu kikionekana kuwa na kasoro iliyokuwapo kabla mnunuzi hajakipokea, anaruhusiwa kukirudisha na kuchukua fedha zake.

Kinachovutia ni jinsi kitabu kinavyomfuata mnunuzi hatua kwa hatua tangu alipoigundua kasoro. Akishaijua, arudishe papo hapo, lakini hiyo papo hapo ni ya binadamu: kama yuko katika swala amalize swala, kama anakula amalize kula, na kama ni usiku angoje kuche. Kuanzia dakika ile aache kukitumia. Akimtuma mtumwa kazi baada ya kujua kasoro yake, haki imeanguka. Akiliacha tandiko juu ya mgongo wa mnyama, haki imeanguka pia. Mnyama mwenyewe anatakiwa kuongozwa kwa mguu hadi kwa muuzaji, asipandwe, isipokuwa awe mkorofi asiyekubali kuvutwa wala kuswagwa, hapo mpandaji anasamehewa. Kisha linakuja jambo ambalo kila jiko la pwani linalijua. Nazi haijulikani kama imeoza mpaka ivunjwe, yai hivyo hivyo, tikiti lenye funza hivyo hivyo. Je, aliyeivunja nazi ameiharibu mali ya mwenzake? Jibu lililopewa nguvu katika Minhaji ni kwamba anairudisha na halipi chochote, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuijua. Wanachuoni hawakukipima kitu kwa alama za matumizi zilizo juu yake. Walipima alichokijua mtu na wakati alipokijua. Matumizi ya asiyejua hayana lawama. Ya anayejua yanahesabiwa kuwa ameridhika.

Msingi wa kanuni hiyo ni masimulizi mawili ya Mtume ambayo kwa mtazamo wa haraka yanapingana. La kwanza, lililopokewa kutoka kwa Bi Aisha, ni la mtu aliyemnunua mtumwa, akamtumikisha muda, kisha akaona kasoro akamrudisha. Muuzaji akalalamika kwamba mtumwa wake amekwisha kufanyishwa kazi. Hukumu ikawa kwamba pato ni la yule aliyebeba dhamana: siku zote zile mtumwa angekufa, hasara ingekuwa ya mnunuzi, kwa hiyo na faida ya siku hizo ni yake. La pili ni la mnyama aliyeachwa bila kukamwa siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi avutike. Mnunuzi wa mnyama huyo ana siku tatu. Akitaka kumrudisha, amrudishe pamoja na pishi moja ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokama. Kwa nini mmoja halipi na mwingine analipa? Wahanafi, wafuasi wa madhehebu mengine ya Kiislamu, waliona masimulizi hayo hayaoani, wakaacha kuitumia hukumu ya tende. Mashafi wakasema yanaoana: maziwa yaliyokuwa kiweleni siku ya mauziano yalikuwa ya muuzaji tayari, na pishi ya tende inayalipia hayo, ilhali kazi ya mtumwa ilizaliwa baadaye mikononi mwa mnunuzi. Na angalia kwamba anayelipwa tende hapa ni muuzaji aliyedanganya. Udanganyifu wake haukumfanya mnunuzi amiliki bure kisichokuwa chake.

Mtu anaweza kudhani fikra hizi ni za zama za ngamia, lakini swali lile lile lilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2008. Mteja wa Ujerumani alikuwa amenunua jiko la kupikia mwaka 2002 kutoka kwa kampuni ya kuuza kwa posta, na mwanzoni mwa 2004 enameli yake ikaanza kubanduka. Kampuni ikampa jiko jipya, ila ikamtoza euro 69.97 kwa kulitumia lile la kwanza zaidi ya mwaka mmoja. Tarehe 17 Aprili 2008 mahakama ikaamua kwamba muuzaji aliyetoa kitu chenye kasoro hana haki ya kudai malipo ya matumizi, kwa kuwa mnunuzi alikwisha kulipa bei na aliyeshindwa kutimiza wajibu ni muuzaji. Majaji wale hawakuwa wamesoma Minhaji, na sababu waliyoitoa haikuwa ile ya pato na dhamana, lakini wangekaa na kadhi wa Mombasa wa karne ya 19 wangeelewana upesi.

Hapa lazima kusema jambo ambalo wapenzi wa historia ya pwani hupenda kuliruka. Sheria hii nzuri ya kasoro ilinolewa katika soko ambamo "mali" mara nyingi ilikuwa mtu. Kapteni Thomas Smee wa meli ya Kiingereza, aliyefika Unguja mwaka 1811, aliandika jinsi mnunuzi alivyomkagua mtumwa: kama anasema na kusikia vizuri, kama hana maradhi, na kama hakoromi usingizini, kwani kukoroma kulihesabiwa kasoro kubwa. Ukaguzi huo wa kudhalilisha na haki ya kurudisha ni pande mbili za biashara moja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hakuna anayelililia. Sheria ya Warumi kuhusu kasoro, ambayo sehemu kubwa ya Ulaya iliirithi, nayo ilianzia katika amri za wasimamizi wa masoko waliowadhibiti wauzaji wa watumwa na mifugo. Kwa hiyo asili chafu si sifa ya pwani peke yake, na haitoshi kuitupa kanuni. Inatosha kutuzuia tusiipambe enzi ile kama enzi ya haki.

Lipo pingamizi zito zaidi kuliko hilo. Mtu atasema: hayo ni maneno ya vitabu, soko lilikwenda kwa nguvu, kwa kujuana na kwa hila, na ni wangapi waliokwenda kwa kadhi kwa ajili ya nazi? Pingamizi hili lina ukweli, na ushahidi wake bora uko bara, katika njia ya misafara. Msafiri wa Kizungu Richard Burton alipopita katika miaka ya 1850 alielezea aina za shanga zilizokadiriwa kufika mia nne, kila moja na jina lake, bei yake na nchi inayoipenda. Msafiri mwingine, Stanley, mwaka 1871 alionya kwamba shanga nyeusi ni fedha Ugogo na takataka kwingineko, na kwamba nyeupe zinazopokewa Ufipa zingedharauliwa Ukonongo. Mfanyabiashara aliyegundua baada ya miezi mitatu ya kutembea kwamba frasila zake za shanga hazitakiwi na mtu hakuwa na pa kuzirudisha. Umbali uliua khiyari yoyote ambayo kitabu kiliweka. Hata hivyo, mnunuzi wa bara hakuwa mnyonge. Silaha yake ilikuwa kukataa kabla ya kupokea, na kukataa huko kulisikika mbali. Baada ya mkataba wa Sultani Said na Marekani wa mwaka 1833, nguo ya Salem, Massachusetts, ilitawala soko hata jina lake likawa merikani, na wafumaji wengine walipojaribu kuiiga kwa kitambaa hafifu wateja waliitambua na kuikwepa. Anayekagua sana kabla ya kulipa hahitaji sana kurudisha baadaye. Basi vitabu havikueleza soko lote, ila vilieleza kile ambacho mtu wa mjini aliyedhulumiwa angeweza kukidai mbele ya mamlaka, na hilo si dogo. Tangazo la leo linamwambia hana hata la kudai.

Lilitoka wapi basi? Si rahisi kutaja siku lilipobandikwa la kwanza, lakini njia lililopitia inaonekana. Kanuni ya Kiingereza ilikuwa kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Mwaka 1603, katika shauri maarufu, mtu aliyelipa pauni 100 kwa jiwe aliloambiwa na sonara kuwa ni bezoari, jiwe lililosadikiwa kutibu sumu, alishindwa mahakamani kwa sababu kuambiwa tu hakukuhesabiwa kuwa dhamana. Karne ya 19 ililainisha ukali huo, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1893 ikaweka masharti ya ubora yanayoingia yenyewe katika mauziano, kitu kinachokaribiana na khiyari ya aibu. Lakini sheria hiyo hiyo iliacha mlango wazi: wahusika wakikubaliana, au mazoea ya biashara yao yakiwa hivyo, masharti yale yanaweza kufutwa. Mchanganyiko wa aina hii ulifika Afrika Mashariki kwanza ndani ya Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, kisha kwa sheria za uuzaji wa bidhaa za mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilizonakili ile ya Uingereza. Wakati huo huo mamlaka ya makadhi yalikuwa yakipunguzwa hatua kwa hatua, mpaka wakabaki na ndoa, talaka na mirathi. Biashara ikahamia kwenye mahakama ambako maneno yaliyochapwa kwenye karatasi yanaweza kumvua mnunuzi haki yake. Hapo tangazo linapata maana: mwenye duka anajaribu kuyageuza maneno yake kuwa mkataba.

Minhaji ilikwisha kulijibu jaribio hilo. Mtu akiuza kwa sharti kwamba hahusiki na kasoro yoyote, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hilo linamkinga na jambo moja tu: kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Ng'ombe anaweza kuwa na ugonjwa usioonekana na muuzaji akawa mkweli. Kwa vitu vingine vyote, na kwa kila kasoro aliyoijua akainyamazia, sharti halimsaidii. Waingereza wenyewe walichelewa kufika hapo. Mwaka 1973 walipiga marufuku kumvua mlaji haki zake za ubora kwa maneno ya mkataba, na mwaka 1976 wakafanya kuwa kosa la jinai kubandika dukani tangazo la kukana haki hizo. Yaani lile ambalo sheria yao ililiruhusu huku, kwao walilishusha ukutani karibu nusu karne iliyopita, nasi tukabaki nalo tukiliita desturi yetu. Kwenye karatasi mambo yamebadilika hata huku: Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia akipata hasara, na Tanzania ina Sheria ya Ushindani wa Haki ya 2003 yenye sehemu ya kumlinda mlaji. Ukutani hayajabadilika sana.

Mwenye duka ana la kujibu, na jibu lake linastahili kusikilizwa kwa utulivu kuliko linavyosikilizwa kawaida. Yeye si kampuni. Ni mtu mwenye fremu ya kukodi, mtaji wa mkopo na faida ya shilingi chache kwa kila kitu. Muuzaji wa jumla aliyemuuzia hapokei mali ikirudi, kwa hiyo kila kinachorudi kinamwangukia yeye. Na wateja anawajua: gauni linanunuliwa Ijumaa, linakwenda harusini Jumamosi, linarudi Jumatatu lina harufu ya udi na jasho, mwenye nalo akiapa kwamba limembana. Spea ya umeme inarudi imeungua kwa sababu fundi aliiunganisha vibaya, na mwenye duka anaambiwa ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo maduka ya umeme yalibuni utaratibu wao: balbu haiondoki kabla ya kuchomekwa kwenye holda iliyo juu ya kaunta, ikawaka mbele ya macho ya mnunuzi, redio inawashwa, inatafutiwa stesheni, ndipo inafungwa. Huu ni utaratibu wa busara na una roho ile ile ya khiyari ya kikao, kwani unampa mnunuzi nafasi ya kukataa kabla hawajaachana.

Lakini tazama kile ambacho utaratibu huo unathibitisha na kile usichothibitisha. Balbu inayowaka sekunde tano imeonyesha kwamba haikuungua; haijaonyesha kwamba itafika wiki. Kasoro iliyojificha ndani ya pasi au simu haimtokei mtu kaunta. Na malalamiko yote ya mwenye duka, ukiyachambua, ni ya watu wanaorudisha bila haki: wa gauni hakuwa na kasoro ya kulalamikia, wa spea iliyoungua kasoro yake ilizaliwa mikononi mwake. Sheria ya kadhi ingewashinda wote wawili bila kuhitaji tangazo. Aliyelivaa gauni akijua hana nia ya kukaa nalo ameliacha tandiko mgongoni kwa makusudi. Aliyeiunguza spea ameleta kasoro mpya, na mwenye kasoro mpya hawezi kumlazimisha muuzaji apokee. Labda wapatane fidia. Tangazo linawazuia waongo hao kwa kumzuia pia mkweli, na kati ya hao watatu ni mkweli tu ambaye hakuwa na njia ya kujikinga. Kuhusu muuzaji wa jumla asiyepokea mali ikirudi, hilo ni kweli na ni chungu, ila ndilo hoja ya kuidai haki ngazi ya juu ya mnyororo. Kumbebesha mzigo wote yule wa mwisho, ambaye hakuagiza wala hakutengeneza wala hakuifungua katoni, ni kuchagua mnyonge kuliko wote.

Upande wa pili wa dunia kosa limefanywa kinyume chake, na linafundisha vilevile. Kurudisha kwa kughairi, hata katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, lilikuwa jambo la kusifiwa: muuzaji anayekubali kuyavunja mauziano kwa ajili ya mwenzake aliyejuta ameahidiwa msamaha wa Mungu, na bei inarudi ile ile, haiongezwi wala haipunguzwi. Hata hivyo ilibaki hisani, na hakuna aliyeidai kwa nguvu. Maduka makubwa ya Paris ndiyo yaliyogundua kwamba hisani inaweza kuwa chambo. Aristide Boucicaut aliingia Bon Marché mwaka 1852 na kuruhusu wateja warudishe wasichokipenda. Émile Zola, aliyeyachunguza maduka hayo kabla ya kuandika riwaya yake Au Bonheur des Dames ya mwaka 1883, alimpa mwenye duka wake mawazo hayo hayo: mwanamke anayesitasita huondolewa kisingizio chake cha mwisho akiambiwa achukue tu, atarudisha kisipompendeza. Humo humo yumo mteja anayerudisha mapazia, na muuzaji anashuku kwamba yalipambia nyumba siku ya sherehe ili mwenye nyumba akwepe gharama ya kukodi. Wizi wa gauni la harusi una umri wa ruhusa yenyewe.

Kisa cha mfanyabiashara L.L.Bean wa Freeport, jimbo la Maine, kinaonyesha pande zote mbili katika kampuni moja. Mwaka 1912 aliuza jozi 100 za viatu vyake vya kwanza vya kuwindia, sehemu ya ngozi ikaachana na ya mpira, na jozi 90 zikarudi. Viatu vile vilikuwa vimevaliwa na kutiwa matope, na hakuna mwenye akili atakayewalaumu waliovirudisha, kwa kuwa kasoro ilikuwa ya mtengenezaji. Akawarudishia fedha, akakopa, akaviunda upya, na jina lake likajengeka hapo. Baadaye ahadi hiyo ikawa haina mwisho wala sharti. Mwezi Februari 2018 kampuni ikaifunga kwa mwaka mmoja na risiti, ikisema imepoteza dola milioni 250 katika miaka mitano kwa vitu vilivyorudishwa, na kwamba watu walikuwa wakileta mavazi yaliyochakaa kwa uzee, mengine yamenunuliwa mitumba. Wa 1912 na wa 2018 wote walirudisha vitu vilivyotumika. Wa kwanza walikuwa wakidai haki. Wengi wa wale wa mwisho walikuwa wakiitafuna hisani. Na hasara ya hisani iliyotafunwa haibaki kwa mwenye duka, hupandishwa kwenye bei na kulipwa na mteja asiyerudisha chochote. Shirikisho la wauza rejareja wa Marekani lilikadiria kwamba mwaka 2024 bidhaa za dola bilioni 890 zingerudishwa, karibu asilimia 17 ya mauzo yote.

Sehemu ya mavazi yaliyoachwa na nchi hizo tajiri huishia kwetu, na hapo hesabu inakuwa ya ajabu. Mwanamke wa soko la Gikomba au la Karume anayenunua belo la mitumba hulinunua limefungwa. Amelipa bei ya daraja lililoandikwa nje. Ndani anaweza kukuta kamera za kutosha, yaani nguo za daraja la juu, au akakuta fagia tupu, mashati yaliyopasuka na suruali zenye madoa. Akilia, anaambiwa belo likifunguliwa limefunguliwa. Ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na waliolijaza gunia, waliochambua na kulipanga daraja, wako bara jingine. Mtumiaji wa kwanza wa nguo ile pengine alikuwa na siku 30 za kubadili mawazo bila kuulizwa. Mnunuzi wa mwisho, anayeweka mtaji wake wote, hana hata dakika. Kwa kipimo cha kadhi, mauziano haya yangeanguka kabla ya kufika kwenye kasoro, kwani katika kauli yenye nguvu ya madhehebu ya Shafi kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi.

Kanuni hiyo ya mwisho, iliyoonekana kuwa ya kizamani kuliko zote, ndiyo inayohitajika zaidi sasa ambapo viatu huuzwa kwa picha ya simu. Ulaya imempa anayenunua akiwa mbali siku 14 za kurudisha bila sababu, kwa kuwa hakukiona kitu, ila akikitumia kupita kiasi cha kukijaribu analipia upungufu wa thamani. Dar es Salaam na Nairobi wafanyabiashara wengi wa mtandaoni wanalinakili tangazo la ukutani na kulibandika chini ya picha, mahali ambapo lina uhalali mdogo kuliko popote. Wengine wameshika njia ya lipa ukipokea: bodaboda anafika getini, mteja anafungua mfuko, anavaa kiatu cha kulia, anatembea hatua mbili tatu barazani huku dereva amekaa juu ya pikipiki yake akingoja. Maadamu dereva hajaondoka, kikao hakijavunjika. Kinachobaki kubishaniwa ni nauli ya kurudi, na hapo nadhani ule mgawanyo wa zamani unafaa bila kubadilishwa: kiatu kikiwa na kasoro au si kile cha pichani, alipe muuzaji; rangi ikiwa imemchosha mteja tu, alipe mteja.